Maji ya Siku ya Wageni

Mtu akitamka maneno "kijiji cha mfano" mbele yangu, hata leo, mdomo hunijaa mate mabaya, kama nimeuma kitu kilichooza. Hasira niliimaliza zamani. Kilichobaki ni kinyaa. Redioni nasikia wakubwa wa dunia wamekutana tena, wameweka malengo tena: ifikapo mwaka fulani umaskini utakuwa umepungua, maji safi yatakuwa yamewafikia watu, watoto watakuwa hawafi tena kwa kuhara. Baada ya muda wanatangaza wamefikia wapi. Wanangu husikiliza. Mimi hutoka nje nikatafuta kazi ya kufanya, kwa sababu najua jinsi kijiji kinavyofikishwa kwenye lengo. Cha kwetu tulikifikisha sisi wanawake, kwa ndoo kichwani.

Nilipoolewa, wakwe zangu walikaa bondeni, mwendo wa saa mbili na ushee kwa miguu kutoka barabara iendayo Laela. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe kubwa jeusi, na chini ya jiwe maji yalitoka masika na kiangazi, baridi ya kuuma meno. Tulilima kwa matuta yetu ya mviringo, yale ambayo unafukia majani ndani yake yaoze, na mwaka unaofuata unapanda ulezi. Hatukuwa na mali. Nguo zilikuwa za kushona juu ya mshono, na watoto kwenda shule ilikuwa shida maana shule ilikuwa mbali. Sisemi tulikuwa peponi. Nasema tulikuwa na maji.

Kisha ukaja wakati wa watu wote kukaa vijijini. Kwanza ilikuwa mikutano. Msemaji alisimama juu ya lori akatuambia tusogee barabarani, tutapata shule, zahanati, na maji ya bomba mlangoni. Mama mkwe wangu, ambaye Kiswahili alikisikia lakini hakukisema, aliuliza kwa Kifipa hayo maji ya bomba yanatoka chemchemi ipi. Watu walicheka. Msemaji alipotafsiriwa akacheka naye, akaendelea na hotuba. Swali halikujibiwa, na mwaka huohuo, baada ya kuvuna, mgambo walikuja na lori wakaanza kutoa majani ya paa. Hatukupigwa. Tulipakia vihenge, vyungu, kuku na mama mkwe, tukaenda.

Kijiji kilipimwa kwa kamba. Nyumba zilipangwa mistari iliyonyooka kwenye uwanda mtupu, bila mti, bila hata kichuguu cha kukinga upepo. Anayeijua Ufipa miezi ya kipupwe anajua ule upepo ni kitu gani. Shule ilijengwa kweli, hilo siwezi kulikana. Zahanati pia ilijengwa, ingawa dawa zilikuwa za kubahatisha. Maji ndiyo yalichelewa.

Jirani yangu katika mstari wa pili alikuwa wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, aliyeolewa na kijana wa humohumo. Nataka nimweleze vizuri, maana mambo haya yote yalimpata yeye kuliko mimi. Alikuwa mwanamke wa kucheka, mrefu, mwenye mwendo wa haraka. Angeweza kubeba ndoo bila kuishika huku akifunga kanga upya na kunisengenya mimi kwa wakati mmoja. Kisomo cha watu wazima kilipoanza, sisi wengine tulikwenda kwa sababu mahudhurio yaliangaliwa. Yeye alikwenda kwa sababu alitaka. Jioni alisoma kila kilichoandikwa: mfuko wa mbolea, debe la mafuta, ubao wa mlangoni kwa katibu. Alizungumza Kiswahili cha redioni, kilichonyooka, na aliona fahari nacho.

Hatimaye shirika moja la nje likatoa mashine ya kuvuta maji. Walikuja vijana wa kizungu na mafundi wa mjini, wakachimba, wakasimamisha tangi la bati juu ya nguzo za zege kandokando ya barabara, wakatandaza mabomba mpaka katikati ya kijiji. Siku mashine ilipowashwa na koki ikafunguliwa, wifi yangu alicheza akiwa na mtoto mgongoni, binti yake wa kwanza, aliyekuwa bado ananyonya. Hata mama mkwe alikinga viganja akaonja. Alisema yana ladha ya chuma lakini ni maji.

Kwa majuma machache tulikuwa watu wa bomba. Kisha mashine ikanyamaza. Ilitaka dizeli, na dizeli ilikuja kwa mapipa, na mapipa yalishushwa uani kwa katibu wa kijiji. Magari ya wakubwa yaliyokuwa yakielekea Tunduma yalisimama pale yakaondoka yameshiba. Sidhani katibu aliiuza. Alikuwa kijana mwembamba, mgeni wa sehemu hizi, mpole, mwenye hofu ya kila aliyevaa viatu vizuri kuliko vyake. Mkubwa akisema mimina, alimimina. Koki zikabaki pale zimesimama kavu, na kuku wakawa wanatagia chini ya zege.

Tukarudi kwenye ndoo. Chemchemi yetu ya zamani ilikuwa sasa safari ya nusu siku kwenda na kurudi. Maji ya karibu yalikuwa lambo la kunyweshea ng'ombe, chini kidogo ya kijiji. Ng'ombe waliingia humo mpaka tumboni, wakasimama, wakafanya yote wanayofanya ng'ombe. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ya kuoshea tulichota pale. Ya kunywa tulijitahidi kuyafuata chemchemini, lakini siku ya kupalilia, au siku mtu anaumwa, ulichota lambo. Ungeweza kuyachemsha kama ungekuwa na kuni, na kwenye uwanda ule kuni zilikuwa mali.

Hali ilikuwa hiyo tulipoitwa mkutanoni tukaambiwa kwamba kijiji chetu kimechaguliwa. Wageni wanakuja kutoka nje, watu wa lile shirika pamoja na wenzao wa mashirika makubwa zaidi, wanaotaka kuona jinsi nchi inavyopiga hatua kuuondoa umaskini. Nchi nyingi wamezitembelea, nyingi zimewasikitisha. Sisi tutawaonyesha mfano.

Maandalizi yalichukua mwezi mzima, na kila jipya lilinitia kichefuchefu kuliko la jana yake. Mawe yaliokotwa yakapangwa kando ya njia, yakapakwa chokaa. Kilichimbwa choo kizuri kuliko nyumba nyingi za kijiji, kikafungwa kwa kufuli ili tusikichafue. Lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, mzee Mwislamu mwenye duka mtaa wa Mazwi, lilikodiwa kuleta vitanda, magodoro na mablanketi. Yakatandikwa katika nyumba ya mwenyekiti na ya jirani yake. Yule mzee mwenyewe alikaa mbele na dereva, na alipokuwa akishusha alituambia wanawake tusiyazoee, maana ameambiwa ayachukue siku hiyohiyo jioni. Alilisema hilo akitazama chini, kama mtu anayewaonea wengine haya.

Mtu wa afya alipita nyumba kwa nyumba. Waliokuwa na vidonda, watoto wenye matumbo makubwa na nywele nyekundu, wazee wenye funza, wote waliambiwa siku hiyo wakae ndani. Mama mkwe wangu, ambaye miguu yake ilikuwa na mpasuko mkubwa wa baridi na kutembea pekupeku, aliambiwa naye akae ndani. Sikumtafsiria maneno yote.

Dizeli ya siku ile iliahidiwa. Jioni ya kuamkia ugeni gari lilifika kutoka mjini, watu wakalikimbilia. Lilishusha makreti ya bia, soda, na kiti kimoja chenye mto. Dizeli haikuwemo. Dereva alisema iliyokuwepo imewekwa kwenye magari ya msafara.

Kulipokucha katibu alituita wanawake kwenye tangi. Macho yake yalikuwa mekundu. Ngazi ilikuwa imeegemezwa tayari.

"Tangi lipate maji kabla wageni hawajafika," alisema. "Ya kutosha koki moja tu. Mtajua wenyewe mtayatoa wapi."

Wote tulijua. Chemchemini usingekwenda na kurudi kabla ya msafara. Wifi yangu ndiye aliyesema.

"Ndugu katibu, ya lambo yananuka."

"Hayatanywewa," katibu alimjibu. "Yataonekana tu yakitoka. Mama zangu, nawaombeni, msiniangushe."

Tukaenda. Tulishuka lamboni na ndoo na madebe, tukapanda, wanaume wakasimama kwenye ngazi wakapokezana juu, wakamimina. Wifi alitandika kanga kwenye mdomo wa kila ndoo ili kuchuja. Baada ya muda alinionyesha ile kanga. Katikati pamekaa ukoko wa kahawia, nyuzi za majani, na vijidudu vyembamba vilivyokuwa bado vinajipindapinda. Aliikung'uta, akaitandika tena. Hakucheka asubuhi ile. Katibu alileta kipande cha dawa nyeupe ya kusafishia maji kutoka zahanati, akakitumbukiza tangini kwa mkono wake mwenyewe, kikiwa kidogo mno kwa maji mengi namna ile, akashuka akijipangusa.

Wageni walikuja wengi, na vumbi lao. Mbele alikuwa mkubwa mmoja wa kwetu, mnene, mwenye masharubu yaliyokatwa vizuri na suti ya mikono mifupi ya enzi zile. Yeye ndiye aliyekuwa akifasiri. Nyuma yake wazungu kwa weusi wa nchi nyingine, na kati yao mwanamke mfupi wa makamo, mwenye kofia ya ukindu na viatu vilivyochakaa kwa kutembea kweli. Nilimtazama sana kwa sababu yeye alitutazama. Wengine walitazama mawe yenye chokaa.

Waliingizwa nyumba ya mwenyekiti wakaona mablanketi. Wakaonyeshwa shule. Kisha wakaletwa kwenye koki, tulipokuwa tumepangwa na ndoo safi. Wifi yangu alikuwa amechaguliwa kuzungumza kwa ajili ya Kiswahili chake. Alikuwa amevaa gauni la kuazima, mtoto amemwachia mama mkwe ndani.

Yule mwanamke mfupi aliuliza swali, na mkubwa akalifasiri kwa sauti ya juu ili sote tusikie: zamani, kabla ya mradi, wewe mama ulikuwa ukitembea mbali kiasi gani kufuata maji?

Wifi alijibu polepole, kwa kile Kiswahili chake kizuri. "Zamani maji yalikuwa nyuma ya nyumba."

Mkubwa hakugeuka hata kumtazama. Alifasiri kwa Kiingereza, na ufasiri wake ulikuwa mrefu mara nyingi kuliko jibu, na alinyoosha mkono kuelekea milimani, mbali. Wageni walitikisa vichwa kwa huruma. Mmoja alipiga ulimi kinywani, kama tufanyavyo msibani. Wakaandika.

Sijui Kiingereza, wala sikukijua siku ile. Lakini mkono ulioelekea milimani niliuona, na vichwa niliviona. Wifi naye aliona. Alinitazama mara moja, kisha akatazama chini.

Mkubwa akamwambia afungue koki, anywe, ashukuru. Hapo katibu alishtuka. Kunywa hakukuwamo katika mipango. Wifi alifungua koki. Maji yakatoka, membamba, na pale juani rangi yake haikuonekana sana. Alijaza bilauri. Akapiga goti kidogo, akaikamata kwa mikono miwili, akampelekea mkubwa.

"Karibu, mkubwa," alisema. "Kwetu hapa mgeni ndiye anayetangulia."

Watu walipiga makofi. Mpiga picha alisogea. Mkubwa aliipokea bilauri, na nadhani harufu ilimfikia, maana niliona pua yake ikikunjamana kidogo tu na kukunjuka. Aliyajua yale maji. Aliiweka mdomoni, masharubu yakaloa, picha ikapigwa, akayamwaga yaliyobaki chini kwa madaha, akasema ni matamu sana ila amekunywa chai nyingi. Akatoa leso akajifuta midomo, akakunja leso, akajifuta tena.

Yangeishia pale kama si yule mwanamke mfupi. Alichukua bilauri mkononi mwa mkubwa, akasogea mwenyewe kwenye koki, akajaza, akanywa. Alikuwa na kiu ya safari. Alikunywa yote, kichwa amekiinua, na sisi tulikuwa tukitazama koo lake likipanda na kushuka. Katibu alifumba macho. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyesogeza mguu.

Wifi ndiye aliyenyoosha mkono. "Mama, hapana," alimwambia. "Mama, acha."

Mwanamke alimwangalia mkubwa apate maana. Mkubwa alitabasamu, akamfasiria. Sitajua alisema nini. Ninachojua ni kwamba yule mama alimgeukia wifi yangu akiwa amefurahi, akaweka mkono kifuani kwa shukrani, akajaza nusu bilauri nyingine, akanywa.

Baada ya hapo walikula. Ng'ombe alikuwa amechinjwa, bia zikafunguliwa, ngoma ikachezwa. Wifi hakugusa nyama. Nilimkuta nyumbani kwake ananawa mikono kwa majivu, ananawa na kurudia, na maji aliyokuwa akinawia yalikuwa ya lambo lilelile. Jioni lori lilichukua mablanketi. Kufuli la choo halikufunguliwa mpaka kilipobomoka chenyewe masika yaliyofuata.

Muda ulipita, kama miezi miwili. Yule mzee wa Mazwi alikuja kununua maharage, na ndani ya lori lake mlikuwa na gazeti alilofungia mkate. Akaiona picha, akatuita kwa jina la ukoo wetu, akatupatia. Picha ilikuwa ya mkubwa na bilauri mdomoni. Pembeni, nusu ya uso wa wifi yangu.

Wifi alikaa kizingitini akasoma. Hakuwahi kusoma gazeti kabla ya hapo; kisomoni tulikuwa na vitabu vyao vya pamba na ng'ombe. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, na sisi tulimzunguka. Liliandika kwamba kijiji chetu kimeondokana kabisa na tatizo la maji, kwamba wanawake wake sasa wana muda wa kufanya shughuli za maendeleo, na kwamba wageni wameridhika, nchi imepongezwa kwa kulifikia lengo kabla ya wakati. Alipomaliza alirudia mstari wa mwisho, kuhakikisha amesoma sawasawa. Alikuwa amesoma sawasawa. Akalikunja gazeti akanipa nikawashie moto. Siku iliyofuata hakwenda kisomoni, na hakwenda tena.

Mwisho wa kiangazi lambo lilikauka likabaki tope, na tulichota kwenye nyayo za ng'ombe. Watoto walianza kuhara mmoja baada ya mwingine. Binti wa wifi alikuwa ameanza kutembea, mashavu yamejaa. Asubuhi alianza kutapika, na jioni ngozi ya tumbo lake ukiivuta inabaki imesimama. Zahanati haikuwa na kitu. Bahati lori la mzee lilikuwa likirudi mjini na mahindi. Alitupakia mbele, wifi na mtoto na mimi, dereva akapanda juu ya magunia, na yeye mwenyewe akashika usukani.

Hospitalini walimpokea, wakamtundikia maji ya mshipa, siwezi kulaumu mikono yao. Ila nesi aliyekuwa akiandika alituuliza tunatoka wapi. Nilipomtajia, aliinua kichwa.

"Mama, si kwenu kuna bomba?" alisema. "Nimeona gazetini. Kwa nini mnapenda maji machafu?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa uchovu, kama mtu anayefundisha darasa ambalo halishiki somo. Mimi nilianza kumweleza kuhusu dizeli, na niliona usoni mwake kwamba anasikia visingizio. Wifi alikuwa akimtazama mtoto.

Mtoto alikata roho kesho yake mchana. Yule mzee alitoa kitambaa cheupe dukani kwake, cha kumfungia, hakutaja bei. Alituendesha mpaka kijijini bila kupakia mzigo mwingine. Katekista alisali, tukazika nyuma ya mstari wa pili, kwenye ardhi ngumu ile ya uwandani.

Matanga yalipoisha, mama mkwe alisema twende mjini tukaulize. Tulikwenda wanawake watatu: yeye, wifi na mimi. Wanaume walisema tutajitafutia matatizo. Ofisini kwa watu wa maji tulikalishwa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo tukaingizwa kwa kijana mmoja msafi, mwenye adabu. Alimwamkia mama mkwe shikamoo. Juu ya meza yake kulikuwa na jagi la maji ya kuchemshwa, limefunikwa kitambaa cha kufumwa chenye shanga pembeni ili nzi wasiingie.

Wifi alieleza yote. Kijana alisikiliza, akatupa pole kwa msiba, kisha akaeleza. Dizeli ya mwaka huu ni ya vijiji ambavyo bado. Chetu kimeshafikia lengo.

"Tulilifikia lini?" wifi aliuliza.

"Siku ile ya wageni," alisema. "Kijiji chenu kimeshahesabiwa, mama. Taarifa imeshakwenda mpaka nje."

Mama mkwe alitaka kujua anasema nini, nikamweleza. Akafikiri, akauliza kitu, na wifi akakifasiri kwa Kiswahili neno kwa neno.

"Mama anauliza kama mnaweza kututoa katika hao waliofikia."

Kijana alicheka kidogo, akajizuia. Alisema hilo haliwezekani. Kijiji kilichopiga hatua hakirudi nyuma. Wafadhili watafikiri nini? Wataona tunawadanganya. Huku akisema hivyo aliinua kile kitambaa cha shanga, akamimina maji kwenye bilauri, akanywa, akakirudisha kitambaa vizuri mahali pake. Nilitoka nje nikatapika kando ya ukuta, juu ya maua yaliyomwagiliwa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, wifi na mumewe walifunga vitu vyao wakarudi bondeni, kwenye jiwe. Hawakuaga. Mume wangu aliogopa sana, akawa haendi hata kuwatazama. Mgambo walikwenda, wakavunja kibanda, wakawarudisha. Wakaondoka tena. Safari ya pili alikwenda katibu mwenyewe, na habari hii wifi alinieleza kwa mdomo wake. Alifika amechoka, akaomba maji. Wifi alimchotea chini ya jiwe, akampa katika kata ya kibuyu. Katibu alikunywa, akaomba tena, kisha akakaa chini akajishika kichwa kwa muda mrefu. Alipoinuka alimwambia kwamba atasema hakumkuta mtu. Akaenda zake. Baadaye alihamishwa, na aliyekuja baada yake hakujishughulisha na watu wa bondeni.

Sisi tulifuata baada ya mavuno, na wengine baada yetu, nyumba moja moja, mpaka mstari wa pili ukabaki magofu. Mama mkwe alifika akiwa mgonjwa, akaishi miaka michache zaidi pale alipopataka. Wifi alizaa wengine. Ila kitu kimoja hakukirudia, kile Kiswahili chake: mtu yeyote wa ofisi akija, hata yule wa chanjo, hata wa kuhesabu watu, alimjibu kwa Kifipa tupu, akimwangalia usoni, yule mwanamke aliyekuwa na Kiswahili kuliko sisi sote. Wakatafuta mkalimani. Wakaniita mimi, na mimi nilifasiri vile alivyosema, si zaidi.

Lakini sitaki kudanganya kwa upande wetu pia. Bondeni hapakuwa na shule. Shule ilibaki kule uwandani, kwenye mistari, na binti yangu mkubwa alikuwa amefika darasa la pili tulipohama. Mwaka wa kwanza alitembea, akiondoka na kiza, akirudi amechoka hata chakula hali. Mwaka wa pili aliumwa kifua kwa ule upepo, baba yake akasema imetosha. Alibaki nyumbani. Anajua kuandika jina lake na kusoma maneno makubwa. Hajawahi kunilaumu. Asubuhi tulikwenda pamoja chini ya jiwe, yeye na ndoo yake ndogo, tukachota maji safi, tukarudi, nikampa jembe.